Barua ya wazi kuhusu haki za kiraia na kisiasa: badilisheni kipimo

Kwa Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu, Mheshimiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, na Waheshimiwa Wabunge na Maseneta wa Jamhuri ya Kenya,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu ripoti ambayo bado hamjaiandika.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tarehe 1 Mei 1972. Tangu Mkataba huo uanze kutumika mwaka 1976, serikali imekuwa na wajibu wa kujieleza kila baada ya kipindi mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kule Geneva. Mara ya mwisho ilikuwa Machi 2021, na kwa sababu ya korona kikao kikafanyika kwa njia ya mtandao. Siku hizi Kamati hufuata mzunguko wa miaka minane. Ndiyo kusema kabla ya muongo huu kwisha maafisa wenu wataketi tena kueleza tumefika wapi. Ombi langu ni moja, na nalileta mapema ili asiwepo wa kusema muda ulikuwa mfinyu: badilisheni kipimo mnachotumia.

Ripoti za serikali za miaka iliyopita zimeandikwa kwa uangalifu na wanasheria wanaoijua kazi yao. Lakini ukizisoma kwa makini utaona karibu kila ukurasa unahesabu vitu vya aina moja: sheria iliyopitishwa, mamlaka iliyoundwa, sera iliyozinduliwa, maafisa waliopewa mafunzo. Hayo si uongo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 2(6), imeufanya mkataba wowote tuliouridhia kuwa sehemu ya sheria za nchi. Mwaka 2011 tukapata Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Mwaka 2014 ikaja sheria ya kulinda watu waliozuiliwa, na mwaka 2017 sheria ya kuzuia mateso. Anayeziona kazi hizo kuwa bure hakumbuki vyumba vya chini vya Nyayo House, walimoteswa wapinzani wa serikali, wala hakumbuki wakati ambapo kutamka tu neno la kumpinga Rais kulitosha kumweka mtu kizuizini bila kesi.

Hata hivyo, kuhesabu sheria ni kupima kazi ya Bunge. Haki ya mwananchi hupimwa kwa kitu kingine, na kwangu kitu hicho ni muda: kutoka siku haki ilipovunjwa hadi siku aliyedhulumiwa anapopata jibu kutoka kwa ofisi yenye mamlaka ya kujibu. Pimeni kwa miezi na miaka ya kusubiri, muandike hesabu hiyo kwenye ripoti, halafu tuone ni wapi tumepiga hatua na ni wapi tumekwama.

Nianze na kifo, kwa sababu haki ya kuishi ndiyo Mkataba unayoilinda kwa ukali kuliko zote, na ndipo sisi tunapochelewa zaidi.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo. Ilikuwa sheria njema. Ilikusudia kuwe na ofisi huru yenye wataalamu wake, ambayo kazi yake ni kuchunguza kifo chochote cha ghafla au cha kutiliwa shaka, hasa mtu anapofia mikononi mwa polisi au gerezani. Rais akaitia saini. Ikaandikwa kwenye vitabu. Sasa tuje Juni 2024, vijana walipomiminika barabarani kupinga Muswada wa Fedha, na miili ikaanza kufikishwa mochari ikiwa na majeraha ya risasi. Huduma ile haikuwapo. Miaka saba ilikuwa imepita tangu sheria ipite, na hakukuwa na ofisi, hakukuwa na mchunguzi hata mmoja aliyeajiriwa chini yake.

Kwa hivyo tuliendelea na utaratibu wa zamani ulio katika Kanuni ya Mwenendo wa Kesi za Jinai: mkuu wa kituo cha polisi anapopata habari za kifo chenye shaka ndiye anayechunguza kwanza na kumpelekea hakimu taarifa. Pale anayeshukiwa kufyatua risasi ni polisi, hiyo ni kesi ya nyani hakimu ngedere. Wapo maafisa waadilifu wengi, na nimekutana nao, lakini sheria nzuri haimtegemei afisa awe mwadilifu ndipo ukweli upatikane.

Nimekuwa nikisindikiza familia katika safari hizi. Mimi si wakili. Ni mtu tu anayeweza kusoma fomu na kuvumilia foleni. Nitawaeleza kuhusu mama mmoja bila kutaja jina lake wala ofisi alizopitia. Ana folda ya plastiki ya bluu. Ndani yake mna kipande cha karatasi chenye nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, iliyoandikwa kwa kalamu, cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, risiti za mochari, na nakala ya fomu ya upasuaji wa maiti iliyojazwa kwa mwandiko ambao ilibidi tumwombe daktari mwingine atusomee. Chanzo cha kifo kiko wazi pale: risasi, kifuani. Kila alipofika dirishani aliitoa fomu hiyo kwanza, kabla hata ya kusalimia, kana kwamba anaogopa itapoteza nguvu ikikaa ndani ya folda. Ofisi ya kwanza ilimwambia jalada limepelekwa juu. Ya pili ikasema uchunguzi uko kwa wenzao. Ya tatu ikamwandikia barua ya heshima sana kumjulisha kwamba inasubiri ripoti ya silaha. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyemtukana. Aliitwa mama kila mahali. Lakini hakuna ofisi iliyoweza kumwambia ni afisa gani kwa jina anashughulikia jalada la mtoto wake na ni lini atamjibu.

Huyo mama hawezi kuonekana kwenye ripoti inayohesabu sheria. Kwenye ripoti inayohesabu muda, yeye ndiye mstari wa kwanza.

Tukitumia kipimo hicho kwa kesi ambazo nchi nzima inazijua, picha inakuwa wazi. Mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alipigwa nyumbani kwao Kisumu Agosti 2017, polisi walipovamia mtaa baada ya uchaguzi, akafariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa kifo chake mahakamani ulikamilika mwaka 2019 na ukawataja makamanda wa polisi kuwa wa kulaumiwa. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka Oktoba 2022. Miaka mitano, kutoka kwenye rungu hadi kwenye idhini tu ya kushtaki. Bado hatujafika kwenye hukumu. Na hiyo ni kesi iliyoandikwa na kila gazeti, yenye mawakili, yenye mashirika yaliyokataa kuiacha izimwe.

Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwendwa na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri waliuawa Juni 2016. Kimani alikuwa amemsaidia Mwendwa kumshtaki polisi. Wakiwa wamefungiwa kwenye seli, wakili huyo aliandika ombi la msaada kwenye karatasi ya choo na kulitupa nje, likaokotwa na mpita njia. Hukumu ya kuwatia hatiani polisi watatu na mtoa habari wao ilitoka Julai 2022, na adhabu ikatangazwa Februari 2023. Hii ndiyo kesi tunayoitolea mfano kwamba mfumo unaweza kufanya kazi, na kweli ulifanya kazi. Ulichukua miaka sita na zaidi, na ulianzia kwenye karatasi ya choo.

Mnakumbuka pia tulivyoipata IPOA yenyewe. Tume ya Jaji Waki ilichunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 na kuhesabu vifo 1,133, na kati yake 405 vilitokana na risasi. Ilisema wazi kwamba polisi hawawezi kujichunguza wenyewe. Tulikubaliana kama taifa. Tukaunda mamlaka, kisha tukaiacha ipambane na maelfu ya malalamiko huku ikitegemea polisi wale wale kuipa kitabu cha silaha, orodha ya waliokuwa zamu na mashahidi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inasema, katika Jedwali la Sita, kwamba afisa aliyevaa sare lazima wakati wote aonyeshe jina au nambari yake mahali panapoonekana. Juni 2024 tuliwaona kwa macho yetu watu wenye bunduki waliofunika nyuso, bila sare, wakishuka kwenye magari ya kiraia. Sasa mchunguzi aanzie wapi? Kuchelewa kwa majibu huanzia hapo, barabarani, pale afisa anaporuhusiwa kufanya kazi bila jina.

Nije kwenye utekaji nyara. Hapa naomba mnisikilize kwa subira, kwa sababu hapa serikali imetoa madai ya maendeleo ambayo yanaweza kuhakikiwa.

Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kifungu cha 25 kinaitaja haki ya kuomba amri ya habeas corpus, yaani amri ya kumtaka anayemshikilia mtu amfikishe mahakamani, kuwa miongoni mwa haki nne ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Tarehe 19 Agosti 2024 wanaume watatu walichukuliwa Kitengela na watu wasiojitambulisha. Chama cha Mawakili kikaenda Mahakama Kuu. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi akaitwa na jaji afike aeleze waliko, akaitwa tena na tena, asifike. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Muda si muda jaji huyo akaondolewa walinzi wake, jambo ambalo Jaji Mkuu alililalamikia hadharani. Tarehe 20 Septemba watatu hao wakaachiliwa, baada ya mwezi mzima na zaidi, bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote na bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Kaimu Inspekta Jenerali baadaye alifika, akaomba radhi, na hukumu ikaondolewa. Walinzi walioondolewa kwa jaji walituambia mengi kuliko ripoti yoyote ya kurasa mia moja.

Mwishoni mwa Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilisema imeandikisha visa 82 vya watu kutekwa au kupotezwa tangu Juni mwaka huo, na kwamba watu 29 walikuwa bado hawajulikani waliko. Mwezi huo huo wanaume kadhaa walichukuliwa Mlolongo. Miili ya wawili wao ikatambuliwa na familia katika mochari jijini Nairobi mwishoni mwa Januari 2025. Kisha Mei 2025 Rais akasema mbele ya wanahabari kwamba wote waliopotea au kutekwa wamerudishwa kwa familia zao, na kwamba ametoa maagizo jambo hilo lisirudiwe.

Hayo ni maneno mazito, na kama ni kweli, ndiyo habari njema kuliko zote ambazo Kenya ingepeleka Geneva. Basi toeni orodha: nani alirudishwa, tarehe gani, na alikuwa mikononi mwa nani. Kumrudisha mtu kunamaanisha kuna aliyekuwa naye. Aliyekuwa naye ana jina, ana cheo, ana mkubwa wake. Je, ameshtakiwa? Na Mkataba wa Kimataifa wa Kuwalinda Watu Wote dhidi ya Kupotezwa kwa Lazima, ambao Kenya iliutia saini tarehe 6 Februari 2007, mbona hadi leo haujaridhiwa? Tulikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuutia saini. Waheshimiwa, hilo linahitaji idhini ya Baraza la Mawaziri na kura ya Bunge. Halihitaji jengo wala bajeti.

Kuhusu haki ya kukusanyika sitasema mengi, kwa sababu kila mtu aliona. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Tarehe 24 Juni 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa kwamba haina nia ya kuzima intaneti; kesho yake, waandamanaji walipoingia Bungeni, intaneti ikavurugika nchi nzima. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 2025, mamlaka hiyo hiyo iliagiza vituo vya televisheni na redio viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo. Julai 2025 Rais alisema hadharani kwamba wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi mguuni. Naelewa hasira ya mwenye duka aliyepoteza kila kitu; uharibifu ule ulikuwa wa kweli na wahalifu wake wanapaswa kushtakiwa. Lakini viwango ambavyo Kenya imevikubali vinaruhusu risasi pale tu mtu anapokuwa katika hatari ya kufa au kujeruhiwa vibaya, na duka si maisha. Afisa mdogo aliye barabarani na bunduki huchukua maneno ya mkubwa kuwa amri. Ripoti itakayotaja mafunzo ya polisi kuhusu haki za binadamu itabidi ieleze pia maneno hayo waliyoyasikia baada ya mafunzo.

Kipimo cha muda hakihusu damu peke yake. Haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, Kifungu cha 25 cha Mkataba, nayo hupimika hivyo. Watu wa Banissa, kaunti ya Mandera, walimpoteza mbunge wao Machi 2023. Katiba inataka uchaguzi mdogo ndani ya siku 90 baada ya Spika kutoa notisi. Lakini Tume ya Uchaguzi haikuwa na makamishna tangu Januari mwaka huo, na wanasiasa wa pande zote waliendelea kuvutana kuhusu nani ateue nani, hadi makamishna wapya walipoapishwa Julai 2025. Banissa walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Walikaa bila mbunge kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, yaani zaidi ya nusu ya muhula mzima wa Bunge. Bajeti zilisomwa. Muswada wa Fedha wa 2024, ule ulioitikisa nchi, ulipigiwa kura na Banissa haikuwa na sauti ukumbini. Wananchi wake walilipa kodi kama kawaida. Hakuna aliyewaomba radhi, na sijui kama kuna ripoti yoyote ya serikali itakayowataja, kwa kuwa hakuna sheria iliyofutwa wala mtu aliyepigwa. Haki yao ilikwisha polepole, kwa ofisi kuachwa tupu.

Kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia, kwamba wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili ya wajumbe, nayo iko kwenye Katiba tangu 2010. Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kuitungia sheria. Bunge halikuvunjwa na sheria haikutungwa. Na adhabu ya kifo: mara ya mwisho Kenya kumnyonga mtu ilikuwa 1987, na tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Marais watatu mfululizo wamebadilisha hukumu za kifo kuwa kifungo cha maisha kwa wingi. Mwaka 2009 pekee zilikuwa zaidi ya 4,000. Kila mtu anajua hatunyongi. Kanuni ya Adhabu bado inasema tunanyonga, na mahakama bado zinatoa hukumu hiyo. Jambo ambalo nchi nzima imeshaliamua kwa vitendo linasubiri nini kuandikwa?

Kwenye fidia nina uchungu wa pekee. Mkataba, katika Kifungu cha 2, unamtaka aliyevunjiwa haki apewe nafuu inayofaa, ya kweli. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013. Bunge halijaipitisha ili itekelezwe. Machi 2015 Rais wa wakati huo aliomba radhi kwa niaba ya dola akihutubia Bunge, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa wa dhuluma za zamani. Wengi wa wale waliopiga makofi siku ile, wazee waliopitia vizuizini na kina mama wa tangu vurugu za zamani, wamezikwa bila kuona senti ya hazina hiyo. Na hata anayeshinda kesi mahakamani hukuta Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali imefunga mlango: kifungu cha 21 kinakataza mali ya serikali kukamatwa ili kulipa deni la hukumu. Mwananchi akidaiwa na serikali, mnada ni wiki ijayo. Serikali ikidaiwa na mwananchi, hukumu inawekwa kwenye fremu. Agosti 2025 Rais akatangaza jopo jipya la kuwafidia waathiriwa wa maandamano, nalo likaishia kwenye malumbano ya mahakamani kuhusu nani ana mamlaka. Familia ninazozijua hazikatai pesa. Zina madeni ya hospitali na ya mazishi. Zinachouliza ni kama pesa hizo zinakuja pamoja na jina la aliyefyatua, au zinakuja mahali pake.

Kuna mlango mwingine ambao Kenya imeufunga kimya kimya. Mkataba una Itifaki ya Hiari ya kwanza, inayomruhusu mtu binafsi, akishamaliza mahakama za nchini mwake, kupeleka malalamiko yake moja kwa moja kwa Kamati. Kenya haijajiunga nayo. Vilevile hatujatoa tamko la kuruhusu raia kufika moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha. Maana yake ni kwamba serikali yetu hutathminiwa kwa maelezo yake na kwa ripoti mbadala za mashirika, lakini yule mama mwenye folda ya bluu hawezi kuketi upande wa pili wa meza hata akisubiri miaka ishirini. Kama mna imani na hatua tulizopiga, jiungeni na Itifaki. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu kuridhia mikataba imeweka njia yote: Baraza la Mawaziri, kisha Bunge, kwa ushirikishaji wa umma.

Sasa kipimo chenyewe. Kamati inapofuatilia mapendekezo yake huipa kila nchi alama, kuanzia A kwa hatua ya kuridhisha hadi E kwa nchi iliyochukua hatua kinyume na ilivyoshauriwa. Jipeni alama wenyewe kwanza. Chapisheni jedwali moja la mapendekezo yote ya 2021, na mbele ya kila pendekezo muandike ofisi inayohusika, jina la mwenye ofisi, tarehe ya mwisho, na fedha zilizotengwa mwaka huu. Kisha jedwali la pili, ambalo ndilo kiini cha barua hii: kila kifo kilichotokea mikononi mwa polisi au katika maandamano tangu Juni 2024, tarehe kilipotokea, tarehe kilipofikishwa kwa hakimu au IPOA, tarehe jalada lilipofika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, tarehe aliposema ndiyo au hapana, na siku zilizopita katikati. Majina ya familia zisizotaka kutajwa yafichwe. Lisasishwe kila baada ya miezi mitatu. Liwe kwa Kiswahili pia, kwa sababu Kifungu cha 7 kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kwa sababu wanaosubiri majibu hayo wanasubiri kwa Kiswahili. Na ifunguliwe ile Huduma ya Wachunguzi wa Vifo, yenye fungu lake katika bajeti ijayo, ili jedwali hilo liwe na mtu wa kulijaza asiyevaa sare.

Mnaweza kunijibu kwamba hayo yatatufedhehesha mbele ya mataifa. Kamati ina ripoti za KNCHR, ina video, ina majina. Serikali inayojua urefu wa foleni yake na kuutangaza ina la kuaminika zaidi kuliko ile inayosema hakuna foleni.

Barua hii nimeiambatanisha na ombi rasmi la taarifa chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upataji Habari ya 2016. Kwa majedwali mawili niliyoyataja, sheria inawapa siku 21. Kwa orodha ya waliotekwa, ikionyesha waliorudishwa na wasiorudishwa, muda ni mfupi zaidi: sheria hiyo inasema taarifa inayohusu uhai au uhuru wa mtu itolewe ndani ya saa 48. Ikipita muda huo bila jibu nitafika kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, kama sheria inavyoelekeza, na nitawasilisha Bungeni ombi la umma chini ya Kifungu cha 119 nikiwa pamoja na familia zilizokubali kutia saini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi